Motokaa Inapogonga Mbele: Ni Difu au Ni Shafti?

(Na mwanafunzi wa Kidato cha IV)

Wasomaji wengi wa gazeti letu hili hawana motokaa, na mimi mwandishi sina hata baiskeli. Lakini wengi wetu tunakula, tunavaa na kusafiri kwa sababu ya motokaa ya mtu fulani: baba, mama, mjomba au jirani. Motokaa hiyo ikilala gereji, nyumba nzima hupata habari. Ndiyo maana nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi nieleze jambo nililojifunza katika likizo ya mwezi wa Juni, yaani namna ya kutambua ugonjwa wa motokaa iliyozeeka, inayovutwa na magurudumu ya mbele, nayo hugonga "ko!" kila dereva akikanyaga mafuta na kila akiyaachia.

Mjomba wangu wa Morogoro ana Toyota Corolla ya mwaka 1996, ya gia za mkono. Imenizidi umri kwa miaka mingi. Yeye huifanya teksi, hupakia abiria pale Msamvu, na katika pesa hizo hutoka nauli yangu ya kuja shuleni, sare zangu na madaftari yangu. Nilipofika likizo nilimkuta hana raha. Motokaa ilikuwa ikigonga, naye alikuwa ameipeleka kwa fundi mmoja. Fundi huyo aliinua gurudumu moja la mbele kwa jeki, akalishika, akalizungusha kidogo mbele na nyuma, nalo likacheza kama jino bovu. Akasema, "Difu imekwisha. Tafuta giaboksi nyingine." Bei aliyotaja ilikuwa shilingi 750,000. Mjomba hakuwa nazo. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu wa kumkopesha, na motokaa yenyewe ndiyo iwe rehani.

Mimi nikajifanya mjuzi, maana nasoma Fizikia. Nikaenda nikalishika gurudumu lile, likacheza kweli, nikamwambia mjomba kwamba fundi amesema sawa. Basi nakiri mbele yenu kwamba nilikosea. Kama mjomba angenisikiliza mimi angeingia katika deni kwa ajili ya chombo ambacho hakikuwa kibovu. Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa fundi kwa miaka mingi na sasa amepumzika. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, gurudumu mmelitikisa. Je, mlitazama ni kitu gani kilichokuwa kikitembea nyuma yake?" Sikuwa na jibu.

Njia ya nguvu

Kwanza yafaa tujue nguvu ya injini hupita wapi. Katika motokaa za namna hii injini imelazwa upande kwa upande, na giaboksi imeshikamana nayo. Mtindo huu ulienea sana baada ya Mini ya Uingereza kutokea mwaka 1959, iliyobuniwa na Alec Issigonis. Na Corolla za saluni zilianza kuvutwa na magurudumu ya mbele mwaka 1983. Nguvu hutoka injini, hupita klachi, huingia giaboksi, na ndani ya giaboksi hiyo hiyo imo difu. Kutoka difu hutokea shafti mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, kila moja kwenda kwa gurudumu lake.

Kila shafti ina jointi mbili. Jointi ya nje iko karibu na gurudumu. Ndani yake mna gololi sita za chuma, nazo huiwezesha shafti kuzunguka sawasawa hata gurudumu likiwa limekatwa kona. Asili ya jointi hii ni kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa, aliyeibuni mwaka 1926. Jointi ya ndani iko karibu na giaboksi. Hiyo ni kikombe chenye mifereji mitatu, na ndani ya mifereji hiyo hutembea roli tatu. Jointi ya ndani hufanya kazi nyingine pia: huteleza nje na ndani, maana gurudumu likipanda na kushuka katika mashimo, urefu wa njia ya shafti hubadilika. Jointi zote mbili hujazwa grisi na kuvikwa raba. Raba ikipasuka grisi hutoka na mchanga huingia, na huo ndio mwanzo wa msiba.

Kazi ya difu

Mwenzangu mmoja wa bwenini aliniuliza, "Kwa nini shafti isiwe moja tu, inyooke kutoka gurudumu hadi gurudumu?" Jibu limo katika Hisabati. Tuseme magurudumu mawili ya mbele yameachana mita 1.5, na motokaa inakata kona ya nyuzi 90. Gurudumu la nje litatembea zaidi ya la ndani kwa robo ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.5, yaani mita 2.36 hivi. Kama shafti ingekuwa moja, lazima gurudumu moja liburuzwe na tairi liliwe. Difu huyaruhusu magurudumu kupishana mwendo, huku yote mawili yakipata nguvu.

Ndani yake mna kisanduku kinachozungushwa na giaboksi. Katika kisanduku hicho mna pini, na juu ya pini mna gia ndogo. Gia hizo ndogo zimeumana kwa meno na gia mbili za pembeni, moja ya shafti ya kushoto na moja ya shafti ya kulia.

Sasa, ewe msomaji, chukua rula yako uilaze mezani. Zuia ncha ya kulia kwa kidole, isisogee. Halafu sukuma katikati ya rula kwenda mbele sentimeta 1. Tazama ncha ya kushoto: imekwenda sentimeta 2. Difu ni rula hiyo. Katikati ni kisanduku, na ncha mbili ni magurudumu mawili.

Hapo ndipo fundi yule alipopotea, nami nikamfuata. Alipoinua gurudumu moja, la pili lilikuwa limekaa chini, kama ncha iliyozuiwa kwa kidole. Kwa hiyo ulegevu wo wote ulio katika meno ya giaboksi, hata kama ni wa haki, ulionekana mara mbili katika gurudumu lililo juu. Tena ulegevu wa shafti ya upande wa pili nao ulivuka difu ukaja kuonekana hapo hapo. Gurudumu lililoinuliwa ni kama mtoto aliyetumwa dukani na nyumba nzima: hufika na jumla ya madeni ya wote, lakini halisemi ni nani anayedaiwa nini.

Usalama kwanza

Kabla sijaeleza majaribio, nawaomba wenzangu wayashike haya. Motokaa iwekwe mahali palipo sawa. Injini izimwe na ufunguo ukae mfukoni mwa mwenyewe. Breki ya mkono ivutwe, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Ukiisha kuinua kwa jeki, weka stendi imara chini ya mwili wa motokaa. Mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Masikio kabla ya mikono

Mzee alipanda motokaa na mjomba, wakazunguka mtaani. Alituambia kwamba kila ugonjwa una sauti yake. Ukikata kona kali huku ukikanyaga mafuta, ukasikia "tak-tak-tak" inayofuatana na mwendo wa gurudumu, hiyo ni jointi ya nje. Ukisikia "ko!" moja unapokanyaga mafuta na "ko!" nyingine unapoyaachia, hiyo yaweza kuwa jointi ya ndani, au mauntini ya injini, au meno ya difu. Motokaa ikitetemeka ubavu kwa ubavu wakati wa kuongeza mwendo, na utetemekaji ukakoma unapoachia mafuta, fikiria jointi ya ndani. Ukisikia mvumo kama wa nyuki unaoongezeka kwa kasi, nao ukazidi unapopinda upande mmoja, hiyo mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Mvumo unaobadilika unapokanyaga na unapoachia mafuta ndio unaoelekeza ndani ya giaboksi.

Motokaa ya mjomba ilikuwa na "ko!" mbili, wala haikuwa na mvumo wo wote. Mzee akasema, "Bado sijamhukumu mtu."

Jaribio la mauntini

Injini haikufungwa chuma kwa chuma. Imekalishwa juu ya raba zinazoitwa mauntini. Raba ikichanika injini hurukaruka, na dereva husikia mgongo ule ule wa difu. Mjomba alikaa kwenye usukani, akawasha injini, akakanyaga breki kwa nguvu, na breki ya mkono imevutwa. Akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi polepole hadi ianze kushika tu, kisha akaikanyaga tena. Halafu akafanya vile vile kwa gia ya nyuma. Boneti ilikuwa wazi nasi tulisimama ubavuni. Mbele ya motokaa hasimami mtu wakati huo. Injini ilijiinua kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, ikarudi kwa kishindo. Mauntini ya mbele ilikuwa imechanika. Huyo alikuwa mdaiwa wa kwanza, naye hakuwamo ndani ya giaboksi.

Jaribio la beringi na usukani

Baada ya kuzima injini tuliinua gurudumu la kushoto. Mzee alilishika juu na chini akalisukuma na kulivuta. Likicheza hivyo, mwenzako akanyage breki: ulegevu ukipotea, kosa ni la beringi, ukibaki, tazama boli jointi. Kisha alilishika kushoto na kulia. Likicheza hivyo, kosa mara nyingi ni la vyuma vya usukani. Yetu yalikuwa imara kote. Majaribio haya yafaa yatangulie, maana ulegevu huu humdanganya mtu akadhani ni wa shafti.

Jaribio la shafti

Gurudumu la kulia lilikuwa chini, na gia ya kwanza imewekwa ili injini ikizuie kisanduku cha difu. Mzee alipiga alama ya chaki kwenye tairi, akasimamisha fimbo karibu nayo, akaniambia nilizungushe gurudumu mbele na nyuma kwa vidole tu, hadi linapogota, nisilazimishe. Alama ilitembea sentimeta 4. Tairi lile lina nusu kipenyo cha sentimeta 29, hivyo kila nusu sentimeta ni uzi mmoja wa duara. Basi ulegevu wote ulikuwa nyuzi 8.

"Sasa ndiyo kazi," akasema. "Wewe endelea kulichezesha, mimi nitazame nani anamwacha nani." Akamulika tochi. Gurudumu na shafti vilitembea pamoja bila kuachana. Kama gurudumu lingetembea na shafti ikabaki, kosa lingekuwa la jointi ya nje au la meno yanayoingia kwenye habu. Halafu akatazama jointi ya ndani. Hapo shafti ilianza kutembea peke yake, na kikombe kikabaki kimya. Baada ya sentimeta 1.5 hivi za tairi ndipo kikombe kikaitikia. Yaani roli zilikuwa zimekula mifereji, zikapata nafasi ya kuchezea. Huyo alikuwa mdaiwa wa pili.

Mjomba hakuridhika. Akasema, "Mzee, fundi alijaribu na upande wa kulia pia, ukacheza vile vile. Pande zote mbili zikiwa sawa, si difu hiyo?" Mzee akacheka, akatuambia tushushe kushoto tuinue kulia. Tukapima: sentimeta 4 zile zile! Tena upande huu shafti na kikombe vilitembea pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba ulegevu wote watoka ndani ya giaboksi. Lakini mzee alinipa tochi akaniambia niende nikatazame upande wa kushoto, huku yeye akilichezesha la kulia. Nikaona kwa macho yangu: gurudumu la kushoto limetulia chini, shafti yake imetulia, lakini kikombe chake kilikuwa kikizunguka mbele na nyuma juu ya roli zile zilizochakaa. Ulegevu wa kushoto ulikuwa umevuka difu ukajionyesha kulia. Kumbe pande mbili kuwa sawa si ushahidi dhidi ya difu. Kwa kawaida jumla itakuwa sawa po pote utakapopimia. Nikaikumbuka rula.

Difu mbovu hujulikanaje?

Isidhaniwe kwamba difu haifi. Hufa, na dalili zake ni hizi. Kwanza, vikombe vyote viwili hutembea mbali sana kabla ya kugota, na jointi zikiwa nzima. Pili, ukishika kikombe mahali kinapoingia giaboksi ukakitikisa juu na chini, hucheza sana, na sili mpya iliyowekwa hapo huvuja tena baada ya muda mfupi. Lakini shafti ikiteleza nje na ndani usiilaumu; nimekwisha kusema kwamba jointi ya ndani imeundwa iteleze. Tatu, oili yenyewe hutoa ushahidi. Tulimwaga oili ya giaboksi katika beseni safi, tukaipitisha sumaku. Ikipata tope laini la kijivu, hayo ni masizi ya kawaida ya chuma kilichofanya kazi miaka mingi. Ikipata vipande vya kushikika kwa vidole, kama kucha zilizokatwa, basi meno yamevunjika, na hapo hapana mjadala: giaboksi ifunguliwe. Sisi tulipata tope laini tu.

Mwisho wa mambo

Mjomba alinunua mauntini moja, jointi moja ya ndani pamoja na raba yake, grisi, na oili mpya ya giaboksi. Pamoja na ufundi, zote zilimtoka shilingi 145,000. Aliyetaka kumkopesha akaambiwa ahsante. "Ko!" ikanyamaza.

Tulipolipima tena gurudumu lilicheza sentimeta 2.5. Mjomba akashtuka: "Bado linacheza!" Mzee akatupeleka kwa jirani mwenye Corolla ya namna ile ile, isiyo na kelele, tukapima: sentimeta 2.5. Akatueleza kwamba meno ya gia lazima yawe na nafasi kidogo baina yao, ili oili ipite, na ili chuma kipate pa kutanukia kinapopata joto. Gia zisizo na nafasi hata kidogo zingeumana zikaungua. Kwa hiyo swali si kama gurudumu linacheza, bali linacheza kiasi gani, na ulegevu huo watoka wapi.

Fundi wa kwanza simwiti mwizi. Aliona kile nilichoona mimi, akakata shauri upesi kama nilivyokata mimi. Tofauti yake na yule mzee haikuwa katika vyombo, maana mzee alikuja na tochi, chaki, fimbo na sumaku. Tofauti ilikuwa kwamba mzee hakuikubali jumla mpaka ameihesabu. Alianza na sauti, akafuata njia ya nguvu hatua kwa hatua, na kila hatua akauliza nani anamwacha nani; na lile la gharama kubwa, la kufungua giaboksi, aliliweka mwisho.

Basi enyi wenzangu, mkirudi nyumbani mkakuta motokaa ya mzazi inagonga, msiseme upesi kama nilivyosema mimi. Na ninyi wazazi wetu, mkiambiwa na fundi kwamba difu imekwisha, mwombeni kwa adabu awaonyeshe kikombe kinavyotembea, na oili ilivyo. Fundi mwema hatakasirika. Kuuliza si ujinga, na mara nyingine swali moja huokoa shilingi laki sita.